Wasomaji wanauliza: koo, kikoromeo na zoloto

Darasani tunasoma kwa Kifaransa: larinksi, farinksi, trakea, ezofagi. Nikiwa kwenye staji hospitalini, mama aliyetoka Kabare au Walungu hajui hata neno moja kati ya hayo, na mimi nabaki kusema koo, koo, koo. Kamusi moja imenipa zoloto, nyingine kikoromeo, kitabu cha lugha kinasema kongomeo. Nitumie lipi? Aksanti.
*Mwanafunzi wa uuguzi, Ibanda, Bukavu*

Tumia zoloto. Ndilo jina la larinksi yenyewe: chumba cha magegedu, yaani mifupa laini, kilichokaa juu ya bomba la hewa (trakea), chini ya shina la ulimi, ambamo nyuzi mbili za sauti zimetandazwa. Kongomeo ni kiungo hichohicho. Neno hilo utalisikia zaidi kwa walimu wa isimu wanapoeleza matamshi, na si kosa, ila wodini wachache watakuelewa. Kikoromeo ni kitu kidogo zaidi: ni ile nundu inayoonekana shingoni mwa mwanaume, yaani pembe ya mbele ya gegedu kubwa la zoloto. Wanawake na watoto wana zoloto kamili hata kama nundu haionekani, kwa hiyo ukiandika kikoromeo ukimaanisha kiungo kizima, umeacha sehemu kubwa nje.

Koromeo tunakushauri uliachie farinksi, ule uwazi wa nyuma ya pua na kinywa ambamo hewa na chakula hupita pamoja. Umio ni ezofagi, njia ya chakula kwenda tumboni, nayo ipo nyuma ya bomba la hewa. Koo ni jina la eneo zima, na hapo ndipo shida inapoanzia. Mgonjwa akisema "koo inaniuma", anaweza kuwa na anjini, ambayo ni ugonjwa wa koromeo na mafindofindo, au larenjiti, ambayo ni uvimbe wa zoloto. Anjini ikisababishwa na bakteria wa streptokoki inahitaji penisilini au amoksisilini, kwa sababu isipotibiwa inaweza kuleta homa ya baridi yabisi na kuharibu moyo. Larenjiti ya kawaida huletwa na virusi. Antibiotiki haiisaidii kitu. Neno moja pana linatosha kumpa mtu dawa asiyoihitaji na kumnyima mwingine anayeihitaji.

Mama wa Kabare humlazimishi kujua neno zoloto. Muulize mambo matatu: maumivu yanakuja akimeza au akisema? Sauti yake imebadilika, na tangu lini? Anapovuta pumzi, hewa inapita bila kelele? Anayeumia akimeza huku sauti yake ni safi, fungua kinywa chake uangalie koromeo. Aliyekaukiwa sauti huku anameza vizuri, fikiria zoloto, na usitegemee kuiona kwa kijiko na tochi, maana imejificha nyuma ya ulimi. Anayesema chakula kinakwama kifuani, huyo ni wa umio. Kwenye fishi andika Kifaransa kama ulivyofundishwa.

Ili uijue zoloto kwa mkono, weka kidole chini ya kidevu, katikati, kisha kishushe polepole. Utapita mahali laini, ukute mfupa wa hioidi, halafu mwanya, halafu ukingo wenye mkato wa herufi V: hapo ndipo juu ya gegedu la tiroidi. Endelea kushuka kwenye nundu hadi ufike bonde dogo laini, na chini yake pete ngumu ya krikoidi. Baada ya krikoidi ni vipete vya trakea. Sasa meza mate: kila kitu ulichogusa kinapanda. Sema "zzzz", utahisi mtetemo. Badili iwe "ssss", mtetemo unakatika, kwa sababu nyuzi zimeachana. Usibane shingo pande zote mbili kwa pamoja, maana mishipa mikubwa ya damu inayokwenda kichwani inapita hapo.

Kwa mtihani wako, magegedu ni 9: tiroidi, krikoidi na epiglotisi (kifuniko cha zoloto) ni moja moja, aritenoidi, kornikulata na kuneifomu ni jozi. Picha ya kitabuni haitoshi kuyaelewa. Mwombe muuza nyama ya mbuzi akuachie kichwa pamoja na shingo nzima, kwa sababu wengi hupitisha kisu katikati ya zoloto ikaharibika. Ondoa umio uliolala nyuma, kisha pasua kwa mkasi imara upande huo wa nyuma, katikati kabisa, ukianzia kwenye trakea kwenda juu. Utakwama kidogo kwenye krikoidi, ambayo ni nyembamba mbele na pana nyuma, kama pete ya muhuri. Kwa mbuzi mzee inaweza kuwa imeanza kugeuka mfupa. Ukiufungua mpasuo kwa vidole viwili, nyuzi za sauti ni ile mikunjo miwili inayokutana mbele, nyuma ya tiroidi, na kuachana nyuma kwenye aritenoidi, yale magegedu mawili madogo yaliyokaa juu ya krikoidi. Vuta aritenoidi moja upande, uone uzi wake unavyofuata. Hapo utaelewa kupumua na kusema kwa pamoja.

Nafundisha darasa la pili, watoto 60 na zaidi. Kufika siku ya nne sauti imekauka kabisa. Nakunywa tangawizi na limau, asali, hata yai bichi. Inarudi kidogo, halafu inapotea tena. Je, zoloto yangu imechoka au ni ugonjwa?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Majengo, Goma*

Mwalimu, tuanze na tangawizi, kwa sababu wengi wanaitegemea. Kitu unachomeza hakigusi nyuzi za sauti. Unapomeza, zoloto inapanda, epiglotisi inainamia mlango wake na nyuzi zenyewe zinafunga kabisa. Kinywaji kinapita pembeni na nyuma kuingia kwenye umio. Tone moja likikosea njia, unakohoa hadi machozi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya zoloto, kulinda mapafu, na sauti ni kazi iliyokuja juu yake. Tangawizi ya moto inatuliza koromeo, na asali pia, basi. Limau na pilipili vinaweza kuwazidishia shida wale ambao asidi ya tumbo hupanda usiku ikachoma sehemu ya nyuma ya zoloto. Yai bichi halina faida yoyote kwa sauti, na linaweza kukupa ugonjwa wa tumbo.

Kinachofika kwenye nyuzi ni kile unachovuta kwa pumzi: vumbi la barabara za lava, chaki, moshi wa makala, na kwa upande wa heri, mvuke. Maji unayokunywa yanasaidia kwa njia ndefu: yanaingia mwilini, mwili unatengeneza ute mwepesi, na ute huo unazilainisha nyuzi. Kwa hiyo glasi nzima dakika 5 kabla ya somo haitoshi. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, mpaka mkojo uwe karibu hauna rangi. Mvuke, tumia bakuli la maji ya moto juu ya meza, dakika 5 hadi 10, bila kutia mafuta ya mentoli. Usiinamie sufuria iliyo juu ya mbabula. Watu wameungua nyuso hivyo, na moshi wa makala unaharibu kile mvuke unachotengeneza.

Sasa darasa. Nyuzi za mwanamke mzima zina urefu wa takriban mm 12 hadi 17, na za mwanaume mm 17 hadi 25. Mwanamke akisema, zinagongana karibu mara 200 kila sekunde. Sauti ikitoka kwa jumla ya saa 1 tu, zimegongana zaidi ya mara laki 7. Ukipaza sauti kushinda kelele za watoto 60, kila mgongano unakuwa mzito, na nguvu yote inaangukia mahali pamoja, theluthi ya mbele inapokutana na theluthi mbili za nyuma. Hapo panavimba. Ukiendelea miezi, uvimbe unakuwa mgumu na kugeuka vinundu, kimoja kila upande. Nyuzi hazifungi tena vizuri, hewa inavuja, nawe unasukuma zaidi ili usikike, na vinundu vinakua zaidi.

Kwa hiyo usishindane na kelele. Piga makofi kwa mpigo ambao watoto wanaujibu, au tumia kengele, kisha ngoja. Sema ukiwa umesimama kati ya madawati, usiseme ukiwa umeelekea ubao: sauti nyingi inaishia ukutani na unalazimika kuirudia. Futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu. Ukihisi kitu kooni, meza mate au maji badala ya kujikohoza kwa nguvu, kwa sababu kule kujikohoza ni kuzigonganisha nyuzi makusudi. Kunong'ona kwa kulazimisha hakupumzishi. Wengi hubana zoloto nzima wanaponong'ona. Ukipumzika, nyamaza. Na tazama juma lako: wengi wenu mnafundisha siku 6, Jumapili mnaimba kwaya, Jumatatu darasa tena. Nyuzi hazijapata hata siku moja.

Kuna zoezi linalofaa na halina gharama. Tia mrija kwenye glasi ya maji, ncha izame cm 2 au 3 tu. Funga midomo kuuzunguka, toa "uuu" ya kawaida, si ya juu, mpaka mapovu yatoke sawasawa. Fanya dakika 2 au 3 kabla ya somo la kwanza, tena mwisho wa siku. Maji yanarudisha shinikizo kidogo juu ya nyuzi, zinatetemeka bila kugongana kwa nguvu. Makosa ya kawaida ni mawili: kupuliza hewa bila sauti, ambako hakufundishi kitu, na kuzamisha mrija sana hadi shingo inakakamaa. Shingo ikikaza, punguza kina.

Larenjiti ya mafua hupona yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 1 hadi 2. Sauti ikikaa imekauka zaidi ya wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, yule tunayemwita ORL, azitazame nyuzi zenyewe. Si lazima awe na kamera. Manuel Garcia, mwalimu wa uimbaji kutoka Hispania, aliziona nyuzi zake mwenyewe kwa kioo kidogo na mwanga wa jua mwaka 1854, na njia hiyo bado inafaa: daktari anapasha kioo moto kidogo kisiingie ukungu, anashika ulimi kwa kitambaa cha shashi, anakuomba useme "eee". Usingoje hizo wiki 3 ikiwa unavuta sigara, unakohoa damu, unaumia sikio upande mmoja ukimeza, au una uvimbe shingoni, kwa sababu saratani ya nyuzi za sauti huanza na ukavu wa sauti, na ikikamatwa hapo hutibika vizuri. Kikohozi kikizidi wiki 2 pamoja na jasho la usiku na kukonda, omba kipimo cha makohozi: kifua kikuu huingia kwenye zoloto pia, na dawa zake hutolewa bure.

Mtoto wangu ana mwaka mmoja na nusu. Usiku alianza kukohoa kama anabweka, sauti imekauka. Jirani anasema kilimi kimekuwa kirefu, nimpeleke akatwe. Nifanye nini?
*Mama, Bagira, Bukavu*

Mama, usimkate kilimi. Kilimi kinaning'inia kwenye koromeo, mbali juu ya zoloto. Hakiwezi kukausha sauti. Kukikata kwa wembe kumewaletea watoto kutoka damu kusikosimama, pepopunda na maambukizi ya damu, na kikohozi kikabaki palepale.

Ulivyoeleza, hicho ni kikohozi cha zoloto iliyovimba chini kidogo ya nyuzi, ndani ya pete ya krikoidi. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 3 kinatokea mara nyingi, na huzidi usiku. Pete ile haitanuki, kwa hiyo uvimbe unakwenda ndani. Njia yenye upana wa mm 4 ikivimba mm 1 kila upande inabaki mm 2, na nafasi ya hewa inakuwa robo ya ile ya kwanza. Ndiyo maana mtu mzima mwenye mafua yaleyale anakwaruza sauti tu, mtoto anahangaika kupumua.

Mbebe akae wima, mtulize, kwa sababu kulia kunazidisha kukaba. Mtoe kwenye nyumba yenye moshi. Mnyonyeshe au mpe maji kidogo kidogo. Asubuhi mpeleke kituo cha afya. Dozi 1 ya deksametazoni ya kunywa, ikipimwa kwa uzito wake, hupunguza uvimbe ndani ya saa chache. Usingoje asubuhi ikiwa anatoa mkoromo kila anapovuta hewa hata akiwa ametulia, mbavu zinaingia ndani, midomo inakuwa ya buluu, au anatokwa mate na kushindwa kumeza. Katika hali hiyo ya mwisho usimtie kijiko wala kidole kinywani: huenda ni epiglotisi iliyovimba, na kuigusa kunaweza kuifunga njia yote. Angalia kadi yake ya chanjo. Pentavalente ya wiki 6, 10 na 14 inamkinga na bakteria wa Hib, ambao mara nyingi ndio husababisha uvimbe huo wa epiglotisi, na pia dondakoo, ambayo huziba zoloto kwa utando.

Kijana wetu wa sauti ya kwanza, miaka 13, sauti inamkatika katikati ya wimbo. Wenzake wanamcheka. Tumtoe kwaya?
*Mwongozaji wa kwaya, Katuba, Lubumbashi*

Msimtoe. Gegedu lake la tiroidi linakua kwenda mbele, mabapa yake mawili yanakutana kwa pembe ya karibu digrii 90, ilhali kwa msichana inabaki karibu 120. Hapo ndipo kikoromeo kinapochomoza. Nyuzi zinarefuka na kunenepa kwa haraka kuliko misuli inavyojifunza kuziongoza, na sauti inashuka kwa karibu oktava nzima. Wakati huo mpe mstari wenye noti 5 au 6 ambazo anazifikia bila kunyoosha kidevu, na mstari huo ubadilike kila baada ya wiki kadhaa. Kumlazimisha abaki juu kunamfundisha kubana zoloto, na tabia hiyo hubaki hata baada ya sauti kutulia. Wakati wa kiangazi cha Lubumbashi, kuanzia mwezi wa 5, vumbi ni jingi. Fanyeni mazoezi ndani, sakafu ikiwa imemwagiwa maji. Na wale wanaocheka, wanyamazishe siku ya kwanza.

Shangazi yangu wa Idjwi ana uvimbe mbele ya shingo, unapanda akimeza. Je, ni zoloto iliyokua? Sasa wanataka kumpasua.
*Msomaji, Kadutu, Bukavu*

Si zoloto. Ni tezi ya tiroidi, iliyoshikamana na zoloto na trakea. Zoloto ikipanda, inaivuta. Uvimbe wake ndio rovu, na Idjwi ilijulikana kwa rovu kwa sababu ya ukosefu wa iodini, pamoja na muhogo usiolowekwa vya kutosha, ambao unauzuia mwili kuitumia hata ile iodini kidogo iliyopo.

Kabla ya kupasuliwa, mwombeni daktari azitazame nyuzi za sauti. Neva mbili zinazoziendesha hupita nyuma ya tezi hiyo. Ya kushoto inashuka kwanza hadi kifuani, inauzunguka mshipa mkuu wa moyo, ndipo inarudi juu. Ya kulia inazunguka mshipa ulio chini ya mtulinga. Rovu kubwa inaweza kuibana mojawapo, na kisu kinaweza kuigusa. Kama nyuzi zilitazamwa kabla, itajulikana tatizo lilianza lini. Baada ya upasuaji, sauti ya kukwaruza kwa siku chache ni ya kawaida, kwa sababu ya bomba lililopitishwa kwenye zoloto wakati wa usingizi. Ikizidi wiki 2, au akipaliwa kila anapokunywa maji, arudi. Nyumbani, chumvi yenye iodini iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke, na itiwe mwishoni mwa kupika.

Mfupa wa samaki umenikwama kooni. Nilimeza donge la bugali ili uushushe, bado nausikia. Umeingia kwenye zoloto?
*Msomaji, Birere, Goma*

Ungeingia kwenye zoloto ungekohoa bila kukoma na sauti ingebadilika palepale. Mifupa myembamba ya samaki, ikiwa ni tilapia au wengine, hujichoma mara nyingi kwenye mafindofindo au shina la ulimi. Donge la bugali halikufaa: linaweza kuuzamisha zaidi au kuuvunja, nusu ikabaki ndani ya nyama. Usirudie, na usiingize kidole. Nenda leo mahali penye taa nzuri na koleo refu. Kama unaonekana, unatolewa kwa dakika chache. Ukiwa umetoka wenyewe, mkwaruzo unaweza kuendelea kuuma siku 1 au 2, kila siku ukipungua. Ukizidi, ukipata homa, maumivu ya kifua, au ukishindwa kumeza mate, nenda hospitali saa hiyohiyo.